Hansa 303: boti ya tanga ambayo asiyetembea anaiendesha mwenyewe

Jamani nyie wa London na Reading mlioniuliza ile boti aliyopanda mdogo wangu ni boti gani, na kama kweli mtu asiyetembea anaweza kuendesha au alikaa tu akapigwa picha, naandika hapa mara moja ili wote mpate. Inaitwa Hansa 303. Ni kiboti kidogo cha tanga, urefu mita 3.03 na upana mita 1.35, kimebuniwa Australia na jamaa anaitwa Chris Mitchell, na zamani kikiitwa Access 303 kwa hiyo ukienda klabu ukasikia wanakiita Access ni hicho hicho. Na ndio, kaendesha mwenyewe.

Sasa sisi tuliokulia Pemba tunajua chombo cha tanga kinataka nini. Ukigeuza lazima mtu asimame apitishe foromali, ule mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti, upepo ukizidi watu wanahamia joshi, upande unakotoka upepo, kuweka uzito, na aliyeshika shikio, yaani usukani, anageuka huku na huku, yaani ni kazi ya mwili mzima kuanzia vidole vya miguu. Ndo maana mdogo wangu alipoumia uti wa mgongo, pale nyumbani hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba atarudi baharini, na si kwa ubaya, watu wanampenda sana, ila ilikuwa anakalishwa pwani kwenye kivuli anapewa juisi halafu wenzake wanaondoka na chombo.

Hii boti imeondoa yale yote ya kuhama na kusimama. Unakaa chini kabisa, kwenye kiti cha kitambaa kilichoning'inia kama pembea, uso mbele, na hapo ulipokaa ndo hapo hapo mpaka mnarudi. Ukigeuza, mti wa chini wa tanga unapita juu ya kichwa, wewe huinami wala huhami. Kamba zote zinakuja mbele yako. Usukani ni jostiki, kijiti cha kushika kwa mkono, iliyopo katikati, ukitaka kwenda kushoto unaisukuma kushoto, kulia unaisukuma kulia, tofauti na kana ya kawaida, ule mkono wa usukani, ambayo inakwenda kinyume na inawachanganya wageni wengi. Upepo ukiwa mkali unavuta kamba moja tanga linajiviringisha kwenye mlingoti, unabakisha kipande unachokiweza, na unafanya hivo umekaa. Na chini kuna mkuku wa kushushwa, ubao mzito unaoingia majini kuizuia boti isipinduke, uzito wake kama kilo 30 hivi, na kwa vile abiria nao wamekaa chini boti inalala kidogo tu halafu inajisimamisha. Mie moyo ulikuwa juu juu mwanzoni, lakini nilipoiona inavyokaa kwenye maji roho ikatulia.

Viti ni viwili ubavu kwa ubavu, na hili kwangu ndo kubwa kuliko yote. Mwalimu wa klabu, mtu wa kujitolea, kakaa kushoto, mdogo wangu kulia, jostiki ipo kati yao, na mtu akiwa ufukweni anaangalia hawezi kujua nani kati yao anatembea na nani hatembei. Kwa dakika za mwanzo yule mwalimu alishika, halafu akaitoa mikono akaiweka mapajani akaanza kumwelekeza kwa mdomo, basi. Hakuirudisha tena isipokuwa walipokaribia gati. Niliongea naye baadae akaniambia kazi yake ni kukaa pale bila kugusa kitu. Huyo ndo mwalimu.

Kwa wale ambao mikono nayo haina nguvu, kuna aina za Hansa zinazofungwa mota za umeme, unagusa kijijostiki kidogo kwa kidole au kwa kidevu na mota ndo zinavuta kamba na kugeuza usukani. Na msiseme haiwezekani, mwaka 2009 Hilary Lister, mwanamke wa Kiingereza ambaye alikuwa hawezi kutumia mikono wala miguu, aliizunguka Uingereza kwa boti ya tanga akiiendesha kwa kupuliza na kunyonya mirija kwa mdomo. Na kabla ya hapo, 2005, alishavuka ule mlango wa bahari kutoka Dover mpaka Ufaransa.

Mapungufu yapo. Ni boti ya maji ya utulivu, ziwani, bwawani, ghubani, wimbi likiwepo utalowa kwa vile upo chini, na mtu aliyekaa muda wote bila kujisogeza anapata baridi haraka sana kuliko wenzake kwa hiyo chukueni nguo za kutosha na koti la mvua hata mwezi wa saba. Mwendo wake si wa kasi. Mtu ambaye hana uwezo wa kujizuia kiwiliwili anahitaji mito na mikanda ya pembeni, iulizieni mapema. Na ukitaka kununua mpya ni maelfu ya pauni, mie simshauri mtu anunue, nendeni klabu.

Na hapo kwenye klabu ndo penye maneno, kwa sababu boti peke yake haitoshi kabisa. Hapa Uingereza kuna mpango unaitwa RYA Sailability, wa chama cha taifa cha michezo ya matanga, na klabu zilizomo zimejipanga kupokea watu wenye ulemavu. Hii tuliyokwenda ipo kwenye bwawa magharibi ya London. Njia kutoka maegesho mpaka gatini ni tambarare, hakuna kokoto hakuna ngazi, gati lenyewe linaelea kwa hiyo lipo usawa mmoja na boti siku zote, na kuna winchi ya mkono yenye kitambaa cha kubebea, mtu ananyanyuliwa kutoka kwenye kitimwendo anashushwa kitini taratibu. Waliomnyanyua walikuwa wanaongea na yeye, sio na mimi. Wanamuuliza yeye unaumia wapi, unataka tukushike wapi. Wenye ndugu zao wenye ulemavu mnajua nasema nini.

Kuna klabu nyengine tulianza kwenda kabla ya hii, sitaitaja. Boti ni hizi hizi, zinang'ara mpya. Lakini choo kipo ghorofani, mgahawa ghorofani, na watu wenye ulemavu wamepangiwa asubuhi moja ya katikati ya wiki, wikendi wanachama wanashindana na boti za Hansa zimefunikwa turubai. Tukaambiwa kwa heshima zote kwamba mdogo wangu akitaka kushindana asubiri siku maalum. Siku maalum ya nini wakati boti hii yeyote anaipanda? Klabu ya bwawani wanashindanisha wote pamoja, siku ile alikuwepo mzee asiyeona anayeusikia upepo kwa shavu lake na mwenzie anamtajia maboya, na wasichana wawili wazima kabisa wenye miguu yao, na mzee akawapita wale wasichana.

Na hili la kushindana si dogo. Michezo ya matanga ilikuwepo Paralimpiki kwa medali kuanzia Sydney 2000 mpaka Rio 2016, kisha ikatolewa, na sababu iliyotajwa ni kwamba haijaenea nchi za kutosha duniani. Boti zilizotumika Rio, Sonar na SKUD 18 na ile ya mtu mmoja 2.4mR, nchi maskini ingezitoa wapi? Hansa 303 sasa ipo kwenye mashindano ya dunia ya matanga ya watu wenye ulemavu, na ni boti ile ile anayoanzia mtu wa siku ya kwanza, kwa hiyo kama mchezo utarudi mie naona utarudi kwa kiboti hiki. Na mafundi wetu wa madau wa Pemba na Lamu wakikiona kile kiti cha chini na kamba zilivyoletwa mbele, wanaweza kuvitia kwenye dau dogo bila kusubiri kontena kutoka ng'ambo. Ngalawa sidhani, tumbo lake jembamba mno.

Mnaotaka kwenda: msimu ni kama Aprili mpaka Oktoba, malipo kwa klabu hii ni pauni chache, majaketi ya uokozi wanatoa wao na boti ya uokozi inazunguka muda wote. Pigeni simu kabla, semeni uzito wa mtu maana winchi zina kikomo, na kama anaweza kukaa bila kushikwa, na muulize choo kiko wapi na mnashindana siku gani. Wakianza kujiumauma kwenye hayo mawili ya mwisho tafuteni klabu nyengine, hapa zipo nyingi. Boti nampa nyota tano, klabu ya bwawani nne na nusu, ile nusu nimeizuia kwa vile chumba cha kubadilishia nguo hakina kitanda cha mtu mzima na ilibidi tumbadilishe ndani ya gari.