Nikwax kwa makoti ya mvua: uzoefu wangu stoo ya vifaa vya mlimani

Koti la mvua likianza kupitisha maji, wengi wetu huku Moshi tunaliona limekwisha. Linatupwa pembeni au linauzwa kwa bei ya kutupa, kisha mwenyewe anaingia mjini kutafuta lingine. Mimi natunza stoo ya vifaa vya kikundi cha wagumu, yaani wapagazi, na wapishi wanaopanda Kilimanjaro, na makoti mengi ninayoletewa kama mabovu bado yana maisha. Yamechafuka tu, na ile dawa ya juu inayofukuza maji imeisha. Kazi ya kuyafufua naifanya kwa bidhaa mbili za Nikwax: Tech Wash ya kufulia na TX.Direct ya kurudishia kinga ya maji. Kila msimu naulizwa kama zina maana. Zina maana sana, ila si kwa kila koti, na zinadai uvumilivu kidogo.

Tuanze na koti lenyewe. Makoti ya mlimani, kama yale ya Gore-Tex, yana utando mwembamba ndani unaozuia tone la maji lakini unaruhusu mvuke wa jasho kutoka. Juu ya utando kuna kitambaa cha nje kilichotiwa dawa ili maji yajikusanye matone na kuteleza. Dawa hii ndiyo huondoka kwanza. Inaliwa na vumbi, moshi wa jiko, mafuta ya mwili na mikanda ya begi inayosugua mabegani. Ikishaondoka, kitambaa cha nje kinakunywa maji, koti linakuwa zito na baridi, na jasho linakosa pa kutokea. Mgumu aliyebeba kilo zake 20 anavuka msitu wa Machame kwenye mvua, anafika kambini fulana imelowa chapachapa, anaapa kwamba koti linavuja. Mara nyingi utando ni mzima kabisa na kilichomlowesha ni jasho lake.

Msituni hiyo ni adha tu. Juu huko kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kukaa na nguo mbichi usiku ni hatari kwa uhai. Ndiyo maana jambo hili silichukulii kama usafi wa kawaida.

Sabuni ya unga tunayofulia nguo za nyumbani haifai hapa. Inaacha mabaki kwenye kitambaa, na mabaki hayo yanavuta maji badala ya kuyafukuza. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi. Tech Wash inang'oa uchafu pamoja na mabaki ya sabuni za zamani, na kwa koti ambalo halijachakaa sana hiyo peke yake inatosha: nikishalikausha namwagia maji begani, yakiteleza nalirudisha kazini bila kugusa chupa ya pili.

Maji yasipoteleza, naendelea na TX.Direct. Sina mashine, nafanya yote kwenye beseni. Nafunga zipu na kubandika velkro zote, napiga brashi vumbi la nje, nafua kwa Tech Wash na maji ya uvuguvugu, nasuuza mpaka povu liishe. Koti likiwa bado limelowa nalitumbukiza kwenye maji yenye TX.Direct, navaa glavu na kuligeuzageuza taratibu ili dawa ifike kila pembe, hasa kofia na mabega. Nalisuuza tena mpaka maji yatoke safi. Silikamui kwa kulisokota. Nalitundika kivulini penye upepo, kwa sababu dawa hii haihitaji kupigwa moto ili ishike, na kwetu tusio na mashine za kukaushia hilo ni jambo kubwa. Kipimo cha dawa kwa idadi ya makoti kimeandikwa kwenye chupa. Kifuateni, maana kunyunyiza kidogo kidogo ili chupa idumu ni kupoteza dawa na jasho la mikono.

Ipo pia TX.Direct ya kupulizia. Hiyo naitumia kwa koti lenye bitana ya kunyonya jasho, kwa kuwa ukililoweka lote dawa inaingia hadi kwenye bitana. Halafu naitumia mabegani katikati ya msimu, pale mikanda inapomaliza kinga kabla ya sehemu nyingine zote.

Kuhusu kampuni, ilianzishwa na Nick Brown huko Uingereza mwaka 1977, ikianza na nta ya viatu vya ngozi. Dawa zao ni za maji na hazina kemikali za florini zilizotumika miaka mingi kwenye nguo za mvua. Kwa mtu kama mimi anayemwaga maji ya beseni karibu na mfereji wa mashambani, hilo lina uzito.

Sasa mipaka yake. Hakuna dawa ya kufulia inayorudisha utando uliobanduka. Ukienda soko la Memorial kuchagua mtumba, pindua koti ndani nje kabla ya kutaja bei. Angalia utepe uliobandikwa juu ya mishono: ukiwa umeinuka, maji yatapita hapo. Sugua upande wa ndani kwa kidole gumba: ukitoa ungaunga au magamba, au ukinata, liache hata kama lina jina kubwa kifuani. Koti chafu lenye ndani nzima ndilo la kununua, na kwa kawaida muuzaji atalishusha bei kwa sababu ya huo uchafu. Yale makoti ya plastiki tupu hayahitaji chochote kati ya hivi. Futa kwa kitambaa cha maji, basi.

Bei ya chupa ya mililita 300 si rahisi kwa mgumu mmoja. Sisi tunachangiana na kuweka chupa stoo. Nyingine huletwa na wageni tunaowaandikia mapema, na tunawakumbusha waiweke kwenye begi la mzigo, maana viwanja vingi haviruhusu kuingia na kimiminika cha ujazo huo ndani ya ndege. Asiye na koti kabisa asipande hivyo hivyo: KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, hapa Moshi huwaazima wapagazi nguo za mlimani bure. Ukiazima, rudisha likiwa safi na kavu, kuna mwenzako analisubiri.

Kwa vifaa vingine siagizi chochote. Hema nalianika kivulini hadi likauke kabisa kabla ya kulikunja, kwani unyevu na joto la stoo ndivyo vinavyoozesha ile rangi ya kuzuia maji iliyopakwa ndani mpaka inate na kunuka. Zipu nazipiga brashi na kuzisuuza kutoa vumbi la mlima, kisha napitisha mshumaa kidogo. Mafuta hapana, yanakamata vumbi lote la safari inayofuata. Begi la kulalia linakaa limetundikwa, halikai limeshindiliwa mfukoni. Kwa hiyo mwenye fedha ya chupa moja tu anunue Tech Wash, afue koti lake, alimwagie maji begani, halafu ndipo aamue kama anahitaji ya pili.