Mashine ya zamani ya kuoshea vyombo katika jiko la Kigoma

Mashine hii ya Kimarekani, ambayo hufunguliwa kwa juu na kusukumwa kwa magurudumu hadi kwenye sinki, ambako mpira wake huungwa na bomba, inaistahili kabisa nafasi inayoichukua jikoni kwetu Mwanga. Ubora wake huonekana kwenye mawese: mafuta hayo huganda sahani zikipoa, na kwa kuwa mashine huyarushia maji ya moto kwa nguvu, baada ya mlo wa migebuka hata bakuli za kioo hutoka bila utelezi wowote.

Iliundwa kwa umeme wa volti 120, hivyo ni lazima ipitie transfoma ya kushusha volti 230 zetu. Tena saa yake hufuata mapigo ya umeme, ambayo huku ni 50 kwa sekunde badala ya 60, kwa hiyo mzunguko huchukua muda mrefu zaidi. Kinachochosha ni kukiondoa kichanja cha juu ili kuzifikia sahani za chini. Sufuria za alumini zioshwe kwa mkono, kwani sabuni kali ya mashine huzifubaza. Sabuni ya kawaida nayo isitumike kamwe, maana povu lake hufurika hadi sakafuni.