Waridi la jangwa: mwaka mmoja na nusu na mche wa elfu ishirini

Mmea naupa nyota tano. Kitalu nilikonunua, mbili tu, na hizo ni kwa sababu walinipunguzia bei.

Nilinunua Januari mwaka jana, kando ya barabara huku Mbezi. Nilianziwa 35,000, tukamalizana 20,000 pamoja na chungu cha plastiki. Mche wa kubebesha, yaani tawi la mti mmoja limeungwa juu ya shina la mwingine, maua mekundu, shina limevimba chini kama kitambi cha mstaafu. "Mwagilia asubuhi na jioni, dada," muuzaji akanisisitizia. Nikatii.

Masika ilipoingia majani yakaanza kuwa ya njano. Nikadhani una kiu, nikaongeza maji! Siku nilipobonyeza lile tumbo, kidole kikazama. Nilipoung'oa nikaona kisa chote: umepandwa kwenye udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi, na chungu kina tundu moja lililoziba. Huu ni mti wa nchi kavu, huku kwetu unajiotea wenyewe kwenye mawe na vichaka vikame. Lile tumbo ndilo tangi lake la maji.

Nikakata sehemu yote iliyooza mpaka nikaona nyama safi, nikapaka unga wa mkaa, nikauacha kivulini siku sita mizizi ikiwa wazi. Mama mkwe alipita akauliza kama ni muhogo. Kisha nikaupanda kwenye chungu cha udongo chenye matundu matatu: mchanga wa mtoni na kokoto ndogo kwa wingi, mboji kidogo. Sikuugusa kwa maji karibu wiki mbili.

Sasa unakaa barazani, upande unaopigwa na jua kutwa. Nachomeka kijiti kwenye chungu. Kikitoka kikavu hadi chini, ndipo namwagilia mpaka maji yatoke kwa chini. Kipindi cha kipupwe ulipukutisha majani nikashtuka, kumbe unapumzika tu, na maji napunguza zaidi. Wadudu weupe kama pamba huja mara mojamoja, nawafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo cha kubebesha nayakata, la sivyo yanaumeza ule mti wa juu.

Wenye watoto na mbuzi, angalieni: utomvu wake ni sumu kweli. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutengenezea sumu ya mishale kwa mimea ya jamii hii. Nikipogoa navaa glovu.

Jirani anataka tawi. Nimemwambia tawi huota, ila lile tumbo huchelewa sana kuvimba, asubiri mbegu. Mwezi uliopita umetoa maganda mawili kama pembe, nimeyafunga uzi kwa sababu yakipasuka mbegu hupeperuka na manyoya yake. Rangi ya maua sikumwahidi.