Kuinua gari na kuweka tairi kubwa kwa bajeti ndogo: mpangilio wangu kwa barabara za Dodoma

Mvua za huku kwetu huanza Desemba na kuisha Aprili, na kila zikikaribia maswali huwa yale yale. Nipandishe gari inchi ngapi? Niweke tairi saizi gani? Spesa (kipande cha kupandishia shokapu) au springi mpya? Naendesha Prado ya muundo wa 95 kati ya Bahi, Chemba na Kondoa nikifuata alizeti, na fedha niliyopoteza mwanzoni kwa kuanzia mahali pasipofaa ingenunua tairi nne nzuri. Nimepanga hapa kwa jinsi ambavyo ningeitumia fedha hiyo leo, kuanzia kitu cha kwanza kununua hadi kile nisichokigusa.

Kabla ya kupanga, tuelewane jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Springi ndefu, spesa na vinginevyo vyote huinua bodi, na mara nyingi chesisi pia. Ekseli ya nyuma ya Prado, Hilux, Escudo ya zamani au hardtop imekaa juu ya magurudumu yenyewe, kwa hiyo lile tumbo la difu, yaani boksi la gia katikati ya ekseli, linabaki palepale hata ukipandisha bodi sentimita 10. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na huinua kwa nusu ya ulichoongeza. Tairi ikizidi kimo kwa sentimita 5, difu inapanda sentimita 2.5. Ukikwama kwenye njia iliyochimbwa na malori huko Chali, mara nyingi ni difu iliyokaa juu ya tuta la katikati, na hapo springi ndefu haikusaidii kitu.

Nafasi ya kwanza: tairi nzuri, saizi ya kiwandani au hatua moja juu, bila kuinua gari

Chukua mfano wa Prado 95 inayovaa 265/70R16 (upana milimita 265, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 16). Kimo cha tairi hiyo ni milimita 777. Ukienda 265/75R16 unapata milimita 804. Difu inapanda zaidi kidogo ya sentimita 1.3 na upana haubadiliki, kwa hiyo rimu zako za zamani zinatosha. Ukikata kona yote tairi inaweza kugusa plastiki ya ndani ya fenda, na fundi huipunguza kwa kisu. Mwenye Escudo inayovaa 215/65R16 anaweza kwenda 215/70R16 na kupata karibu sentimita 1.1 chini ya difu. Hizi zinaonekana ndogo ukizisoma, lakini kwenye njia ya shamba sentimita moja ndiyo inayotofautisha kupita kwa kukwaruza na kushuka kutafuta jembe.

Hatua ya pili juu, yaani 285/75R16, ina kimo cha milimita 834. Siipendekezi kwa bajeti ndogo. Itakulazimisha kuinua, kukata fenda na wakati mwingine bampa, na injini itaanza kulalamika. Ukiwa na 1KZ, ile dizeli ya lita 3.0 ambayo silinda hedi yake haivumilii joto, fikiria unaupanda Mlima Nyang'oro kutoka Mtera kwenda Iringa na mzigo, tairi zikiwa nzito na kubwa kwa asilimia 7. Ni kama umeondoa gia moja.

Kuhusu aina, kwa watu tisa kati ya kumi ninaowafahamu jibu ni tairi za A/T, yaani za lami na vumbi kwa pamoja. Tairi za matope, zile za M/T zenye kashata (meno ya tairi) kubwa zilizoachana, kweli hujisafisha vizuri kwenye udongo mweusi wa Bahi, ule unaonata kama ugali mbichi na kuziba tairi ya kawaida ikabaki mduara laini. Lakini mwenye gari Dodoma huwa pia na safari za Dar, kilomita zaidi ya 400 za lami kwenda pekee, na lami iliyolowa ndipo M/T inapokutisha ukikanyaga breki. Zinunue kama kijiji unachokwenda kila wiki kiko ndani ya mbuga ya udongo huo mweusi na lami unaikanyaga kwa nadra.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni ubavu wa tairi. Huku kwetu miiba ya migunga ni mirefu na migumu, na mawe ya Kondoa yana makali. Tairi iliyoandikwa LT (ya magari madogo ya mizigo), plai 8 au 10 (kipimo cha uimara wake), ina ubavu mnene kuliko tairi ya gari dogo ya saizi ileile. Inagonga kidogo zaidi ukiwa mtupu, na ni nzito zaidi, ila nimeacha kubadilisha tairi porini usiku tangu nihamie huko. Angalia pia namba ya uwezo wa mzigo: 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya namba iliyokuja na gari.

Halafu soma tarehe. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata nene kabisa, inang'aa kwa dawa ya kupaka, kumbe mpira umeshakauka. Jua la Dodoma halisamehei mpira wa namna hiyo. Ipinde kwa kidole gumba katikati ya kashata. Ukiona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, iache hata kama bei imeshuka nusu.

Nunua tano. Prado ya 95 inazungusha magurudumu yote manne muda wote, na ukiweka spea yenye kimo tofauti ukasafiri nayo mbali, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hadi inaharibika. Spea ya Prado hiyo hukaa kwenye mlango wa nyuma, kwa hiyo kagua bawaba kwanza, maana tairi ya LT ni nzito.

Ukishakuwa na tairi hizo, tumia upepo. Kwenye mchanga wa makorongo ya Kinyasungwe mimi hushusha hadi psi 18 au 20, na gari linapita mahali ambapo jirani yake aliyejaza 40 anachimba. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni ununuzi wa lazima, kwa sababu kurudi lamini na upepo huo ni kupasua tairi kwa joto.

Nafasi ya pili: springi na shokapu mpya kwa pamoja, sentimita 4 hadi 5

Prado za 95 zilitengenezwa kati ya 1996 na 2002. Nyingi zilizopo barabarani zimeshuka kwa uchovu wa springi, wala si kwa ufupi wa kuzaliwa. Chukua futi, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Linganisha na gari la aina hiyo ambalo springi zake bado nzima. Nimeona gari lililorudi juu kwa karibu sentimita 3 kwa kuvalishwa springi mpya za kiwandani tu, na mwenyewe alikuja akitaka kuinuliwa. Huyo hakuhitaji kitu kingine.

Kama unataka kupita hapo, seti za Australia ndizo zilizozoeleka kwa kazi hii: Old Man Emu, Ironman 4x4, Tough Dog, Dobinsons, EFS. Nchi yao ina barabara ndefu za vumbi zenye rasta (vijituta vilivyofuatana) kama za kwetu, na wametengeneza shokapu zenye mafuta mengi zisizochemka haraka. Hapo ndipo fedha yako inakwenda hasa. Shokapu nyembamba ikipigwa na rasta kwa saa moja mafuta yake yanapata moto na kuwa mepesi, gari linaanza kuelea, na wewe unadhani ni usukani. Kimo cha ziada ni zawadi juu ya hilo.

Springi huuzwa kwa uzito unaobebwa kila siku. Hapa watu wengi hukosea kwa nia nzuri: anawaza magunia ya alizeti ya mwezi wa sita, anachagua springi za kilo 400, kisha miezi kumi na moja anatembea mtupu na gari linaruka kama mbuzi. Chagua kwa jinsi gari lilivyo siku nyingi za mwaka. Kwa magunia ya msimu kuna mifuko ya upepo inayoingia ndani ya springi ya nyuma, na inatosha.

Usivuke sentimita 5. Mbele, kwenye magari yenye magurudumu yanayojitegemea, kila sentimita inaongeza pembe ya sivii jointi (viungo vya fimbo inayozungusha gurudumu) na boljointi (viungo vya mikono inayoshika gurudumu). Kwenye Land Cruiser 80, yenye ekseli nzima mbele, ukiinua sentimita 5 pembe ya kasta (mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hukatia kona) inapungua na usukani unaacha kurudi wenyewe baada ya kona. Itakubidi ununue bushi za kurekebisha. Na gari la juu linapinduka kirahisi. Barabara zetu zina ng'ombe na punda, na dereva hukwepa bila kuwaza. Nisingependa mtu akwepe punda kwenye mwendo wa 100 akiwa ameinuliwa sentimita 10 kwa vyuma vya bei nafuu.

Nafasi ya tatu: spesa juu ya shokapu za mbele

Spesa ni kipande cha alumini au plastiki ngumu kinachokaa kati ya kichwa cha shokapu na bodi. Ni nafuu sana, na ikiwekwa kwa kiasi inafaa kusawazisha pua iliyoshuka. Shida iko kwenye hesabu. Kwenye Prado shokapu haikai mwisho wa mkono wa chini. Imeshika karibu na katikati, kwa hiyo spesa ya milimita 25 inainua mbele karibu milimita 50. Muulize muuzaji namba anayoitaja ni unene wa kipande au ni kimo utakachopata.

Mimi nilifungiwa mbili juu ya nyingine katika gereji moja ambayo sitaitaja. Gari lilionekana zuri sana likiwa limesimama. Buti za sivii zilichanika zote mbili kabla mvua hazijaisha, mchanga ukaingia, na kila nikishuka shimoni nilisikia mkono wa juu ukigonga mwisho wake. Spesa haiongezi mwendo wa shokapu. Inauhamisha tu: gurudumu linabaki na nafasi ndogo ya kushuka, na kwenye njia ya mashimo kushuka huko ndiko kunakoshika ardhi. Kipande kimoja, milimita 20 hadi 25, shokapu zikiwa nzima. Hapo nakubali.

Kwa RAV4 Kilitime na ndugu zake wasio na chesisi wala gia ya nguvu, hapa ndipo mwisho wa safari. Sentimita 2 hadi 3, tairi nzuri, na kujua njia ya kurudia.

Nyingine, kwa kifupi

Hilux na hardtop zenye springi za vyuma bapa vilivyopangana zinaweza kuongezwa chuma kimoja kila upande. Ni kazi halali kama gari linabeba. Mtupu litakuwa gumu. Epuka vipande vya kuchomekwa kati ya ekseli na springi upande wa mbele, hata kama fundi anaapa. Ekseli inayoongoza usukani haipaswi kukaa juu ya kitu kinachoweza kuteleza.

Pajero za zamani, Land Cruiser 100 na pikapu kadhaa zina fimbo ya kujisokota mbele badala ya springi, na mbele hupanda kwa kukaza boliti. Haigharimu kitu zaidi ya ujira. Sentimita 2, basi, kisha alaimenti siku hiyohiyo.

Mipira ya kusokomeza katikati ya springi naiweka karibu na mkia. Inazuia sehemu moja ya springi isifanye kazi, nyingine inabeba yote, na springi hukatika hapo. Mwisho kabisa ni kuinua bodi peke yake kutoka kwenye chesisi kwa vipande virefu: difu iko palepale, chesisi palepale, na umenunua nafasi ya tairi ambazo nimeshasema huzihitaji.

Siku ya kufunga

Kaa na fundi. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, bushi zinabaki zimejinyonga na zitachanika mapema. Angalia kama mipira ya breki haijavutika gurudumu likining'inia. Hilux nyingi, na Prado baadhi, zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, kazi yake kusoma mzigo. Ukiinua nyuma, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Mabano yake yasogezwe kulingana na kimo kipya. Mafundi wengi huisahau, na wewe utaigundua siku umebeba.

Kwa 265/75R16 mwendo halisi unazidi ule wa kwanza kwa asilimia 3.4, kwa hiyo sindano ikikaa 50 mahali ilipokuwa sahihi, unakwenda karibu 52. Linganisha na simu yenye GPS kabla hujapita kwenye vijiji vya barabara ya Morogoro, maana tochi haisomi saizi ya tairi na faini utailipa wewe. Mjulishe bima kwa maandishi kwamba umebadilisha.

Fanya alaimenti na balansi, tembea kilomita 500 zenye vumbi na lami, kisha rudi gereji boliti zote zikazwe upya na alaimenti ipimwe tena, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo zikizoea.