SDL3 na foleni ya matukio: iko vizuri, ila soma masharti

SDL3 ni maktaba ya C ya kutengenezea michezo, na foleni yake ya matukio ndiyo inayokuletea vitufe, kipanya na maandishi. Aliyezoea SDL2, toleo lililotangulia, ataona SDL_KEYDOWN imegeuka SDL_EVENT_KEY_DOWN na kudhani yamebadilika majina tu. Sivyo. Kila tukio sasa linabeba muda wake kwa nanosekunde badala ya milisekunde, na mahali pa kipanya panaletwa kwa desimali. Kwa mchezo wa kufuata mdundo, muda huo peke yake ni sababu tosha ya kuhama.

Foleni isome kwa while (SDL_PollEvent(&e)), kamwe usitumie if. Kipanya cha 1000 Hz (kinachoripoti mara 1000 kwa sekunde) kwenye mchezo wa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde kinaleta matukio kama 16 kwa fremu moja. Ukichukua moja moja foleni inarundikana, na mshale unajikokota nyuma ya mkono. Kabla ya kuruka au kufungua menyu chunguza kwanza e.key.repeat (e ni tukio ulilosoma; repeat inasema ni marudio ya kitufe kilichoshikiliwa), la sivyo kitufe kilichoshikiliwa kitafungua na kufunga menyu mfululizo.

Kwa kutembea tumia e.key.scancode, yaani mahali kitufe kilipo, si herufi iliyochorwa juu yake. WASD, vitufe vya kutembea vya kibodi ya Kiingereza, ni ZQSD kwenye AZERTY, mpangilio wa kibodi ya Kifaransa, na kibodi hizo zimejaa Kongo na Burundi. Maandishi ni habari nyingine kabisa. Kwenye AZERTY alama ya ' inakaa kitufe kimoja na 4, hivyo anayejitungia herufi kutoka scancode atamwandikia mtu "ng4ombe". Soma SDL_EVENT_TEXT_INPUT, na uinakili e.text.text papo hapo kwa sababu kumbukumbu yake ni ya muda. Hapa ndipo wengi wanakwama: SDL3 haileti maandishi mpaka uite SDL_StartTextInput(window), hata kwenye kompyuta ya mezani. Usumbufu, ndiyo, lakini kwenye simu amri hiyo hiyo ndiyo inayoinua kibodi ya skrini, kwa hiyo naukubali.

Nisichokipenda ni viwianishi, namba za mahali kwenye dirisha. Ukichagua ukubwa wako wa kuchorea, ambao unanyooshwa kujaza dirisha, SDL2 (kwa SDL_RenderSetLogicalSize) ilikupigia hesabu za kipanya kimyakimya; SDL3 (kwa SDL_SetRenderLogicalPresentation) inakuachia. Bila SDL_ConvertEventToRenderCoordinates(renderer, &e), mtu anabofya "Anza" na kitufe hakishtuki.

GLFW, maktaba nyingine ya madirisha na vitufe, inakwenda njia nyingine: unaipa fanksheni zako, yenyewe inaziita. Ni nyepesi, ila data yako inabidi uipenyeze kwa glfwSetWindowUserPointer, na glfwGetKey hukosa mguso wa haraka uliobonyezwa na kuachiwa kati ya fremu mbili, usipowasha GLFW_STICKY_KEYS. Foleni ya SDL haina tatizo hilo: kubonyeza na kuachia vinakuja vyote, kwa mpangilio wake.

Kwenye Windows, mtumiaji akiburuta ukingo wa dirisha, SDL_PollEvent hairudi mpaka aachie, na picha inaganda. Sajili fanksheni kwa SDL_AddEventWatch na uchore humo ukipata SDL_EVENT_WINDOW_EXPOSED.