Sultani kwenye siti skani: nilicholipia na nilichokiona

Sultani ni kokateli wangu, kasuku mdogo mwenye kishungi. Manjano iliyopauka mwili mzima, mashavu mekundu, kishungi kama kilemba, na nyuma ya kishungi kaupara ambako ndege wa rangi hii wengi huzaliwa nako. Nilimnunua soko la ndege Sharjah miaka minne iliyopita, na muuzaji akaniapia kuwa ni dume. Kwa kokateli wa kijivu ungeweza kumbishia kwa kutazama uso tu, lakini wa manjano dume na jike wanafanana mno. Nikaamini.

Februari iliyopita akaanza kuhema kwa mkia. Kila pumzi mkia unapanda na kushuka, kama mtu anapiga pampu ya baiskeli. Kesho yake nikamkuta amejikunyata chini kwenye sakafu ya tundu, manyoya yamefura. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha zimwishie, kwa hiyo sikungoja wikendi. Nikampeleka kliniki moja ya ndege hapa Dubai. Jina naliweka kando, maana nina la kulalamika.

Ukumbi wa kusubiri ulikuwa wa kozi, ndege wa kuwindia. Kozi watano wametulia kwenye vigingi vyao, wamevishwa kofia za ngozi zinazoziba macho, kila mmoja na bwana wake pembeni. Nchi hii kozi hupewa pasipoti yake na husafiri nayo. Mzee mmoja akachungulia tundu langu, akamwangalia Sultani, akamwangalia kozi wake, akacheka kimyakimya. Nilielewa. Pale sisi tulikuwa kitafunio.

Eksirei ndiyo ilikuwa ya kwanza, na juu yake sina neno baya. Daktari alimpima, gramu 104, kisha akamwekea kibarakoa kidogo cha nusukaputi ya gesi. Sekunde chache, kishungi kikalala. Wakamlaza chali juu ya ubao wa plastiki angavu, wakayatandaza mabawa, wakayashika kwa utepe wa karatasi. Nilikuwa nyuma ya kioo. Msaidizi alivyomshika ndivyo vilivyonipa imani: vidole shingoni na miguuni, kifuani hagusi. Ndege hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama sisi. Hupumua kwa kuinua na kushusha kidari, kama mvukuto wa mhunzi. Mbane kidari, hata kwa mapenzi, umemnyonga.

Picha mbili, ya chali na ya ubavu, dakika kumi hivi kuingia na kutoka. Kwenye skrini sikumjua ndege wangu. Manyoya yametoweka, na kile kilemba chake chote hakipo. Kilichobaki ni kitu cha ukubwa wa nusu ya Sultani, shingo ndefu kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kuzunguka jicho kuna duara la vijifupa, kama shanga zimepangwa. Firigisi ilionekana wazi kwa sababu ya chembe za mchanga ndani yake, nukta nyeupe nyeupe. Daktari akasema anashukuru ni mchanga, maana madini ya risasi au zinki aliyoitafuna ndege kwenye nyaya za tundu huonekana papo hapo, tena nyeupe zaidi ya hizo.

Halafu akanyamaza. Moyo na ini la ndege mzima, ukimpiga picha chali, huchora umbo la ngoma iliyobanwa kiunoni. Ngoma ya Sultani haikuwa na kiuno. Tumbo lote upande wa kushoto limejaa ukungu mweupe. Na mifupa ya mapaja na ya miguu, ambayo ilitakiwa ionekane kama mirija yenye uwazi katikati, ilikuwa imejaa, nyeupe kama chaki.

“Nani alikwambia huyu ni dume?”

Jike akijiandaa kutaga, homoni humfanya aweke akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa, aje aichote kutengeneza ganda. Eksirei inaiona akiba hiyo. Na kwa sababu ndege wengi wana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto, ule ukungu wa kushoto nao ukaanza kuwa na maana. Ila ganda halikuonekana. Ni yai laini? Ni uvimbe? Ni ini? Hapo ndipo nikashauriwa siti skani, eksirei ya kompyuta inayouonyesha mwili kipande kwa kipande.

Sasa lalamiko. Kwenye simu nilitajiwa dirham 1,100. Bili ilikuja 1,475, kwa sababu 1,100 ilikuwa ya mashine peke yake: nusukaputi ya mara ya pili ni mbali, ripoti ni mbali, na asilimia 5 ya kodi juu. Hakuna aliyenidanganya, lakini hakuna aliyeniambia pia, na mtu mwenye ndege anayehema mkononi hawezi kuanza kupatana bei. La pili liliniuma zaidi. Niliporudi kwa ukaguzi, daktari mwingine wa palepale akasema altrasaundi ingetosha. Kwa ndege mzima altrasaundi haifai sana, hewa iliyojaa mwilini huzuia mawimbi ya sauti. Lakini tumbo likishajaa kitu, hewa husukumwa pembeni na kile kitu huonekana vizuri. Bei yake ni kama robo. Ningependa kuambiwa hayo kabla.

Hata hivyo, ile diski waliyonipa siitupi. Nilipakua programu ya bure ya kusomea picha za hospitali, nikakaa nayo usiku kucha nikimpitia Sultani kipande kwa kipande, kila kipande chini ya milimita moja. Sikuwahi kuona kitu kama kile.

Ukiwa umewahi kusafisha kuku unajua mapafu yalivyo: hayatoki na matumbo, yamekwama juu mgongoni katikati ya mbavu, mpaka uyakwangue kwa kidole. Miaka yote hiyo nilidhani ni ukorofi tu wa kuku. Kumbe yamekaa hivyo kwa kazi. Mapafu ya ndege hayajazwi na kunywea kama yetu, yametulia palepale, na hewa hupitishwa ndani yake kuelekea upande mmoja, ikisukumwa na vifuko tisa vilivyosambaa mwilini. Kwenye skani vifuko ni giza tupu. Nilikifuata kimoja kutoka kifuani, kipande baada ya kipande, nikakiona kinaingia ndani ya mfupa wa bega na kuteremka nao. Mfupa wa bawa una hewa ileile anayopumua! Na vifuko vya tumboni upande wa kushoto vilikuwa vimebanwa hadi kuwa mistari myembamba. Ndipo nikaelewa ule mkia. Alikuwa anapampu kwa sababu chumba cha hewa kimevamiwa.

Mvamizi alikuwa yai, ganda halijakomaa. Sindano ya kalsiamu, joto, giza. Siku ya tatu asubuhi nikalikuta kwenye karatasi ya tundu, laini kama lozi iliyolowekwa na kumenywa. Ulaji wake ndio ulichangia, mbegu za alizeti kutwa nzima, kalsiamu hakuna.

Picha ya ubavu nilimtumia mama Mombasa kwa WhatsApp, na video ya mkia nayo. Akajibu kwa sauti, nyuma kunasikika sufuria: “Mwanangu, huyo mtetea. Kuku wangu wakikaa hivyo huwa wana yai. Umelipa ngapi?” Sikumtajia.

Kama ndege wako anahema kwa mkia, eksirei ya pande mbili ni pesa halali, nenda leo. Skani, uliza kwanza kama altrasaundi haiwezi, na uliza bei ya jumla, nusukaputi na kodi ndani yake. Diski idai hata wasipokupa.

Sultani yuko mzima. Kioo nimemtolea, na kile kiboksi alichokuwa akijificha pia, na taa nazima mapema asidhani ni msimu wa kutaga. Jina sijabadilisha, ndilo analoitikia.