Hita ya feni ya shilingi 2,800, nimekaa nayo Julai nzima Molo

Nianze na namba ndio msiseme naongeza chumvi. Tarehe 9 mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, ndani ya nyumba yangu hapa Molo kulikuwa na digrii 11. Ndani, si nje. Nje kwa veranda ilikuwa 8. Yaani ukuta wa mawe, mlango wa chuma, dirisha la vioo, kufuli mbili na kodi ya 5,500 kila mwezi, hivyo vyote vikiunganisha nguvu vinanipa digrii tatu tu.

Kipimajoto nimekitoa kazini. Nauza kwa agroveti, duka la dawa za mifugo, na hivyo vidude tunavyo, vile vya kuning'inizwa kwa bruda, kale kaeneo ka joto ka kulelea vifaranga. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka digrii 32 mpaka 35, halafu unapunguza kama digrii tatu kila wiki. Naelezea wakulima hayo maneno kutwa nzima, nikiwa nimevaa sweta mbili na marvin, halafu jioni narudi kulala kwa 11. Kifaranga ana mtu wa kumshughulikia, mimi nina mwenye nyumba.

Mimi ni mtu wa Kisumu, Nyalenda kabisa, huko kwetu baridi ni ya soda. Nimehamishwa huku mwezi wa tano. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya bahari na Molo inakaribia 2,500, na kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii sita hivi, kwa hivyo hata kabla ya Julai kufika nilikuwa nimeshapoteza digrii nane kwa kupanda tu matatu. Hiyo hesabu hakuna mtu alinipigia, niliambiwa tu nibebe sweta.

Sasa hita.

Nilienda Nakuru Jumapili moja, kupitia Elburgon na Njoro, nikaingia duka moja la vitu vya stima hapo mjini. Nikauziwa hita ndogo ya feni, ile ya plastiki nyeupe yenye koili ndani na visahani viwili vya kuzungusha, kimoja cha nguvu (wati 1,000 ama 2,000) na kingine ati cha kupima joto. 2,800. Kijana wa duka akaniambia, "Madam, hii dakika tano unatoa sweta." Nikaongeza ekstensheni ya 350 kwa sababu soketi yangu ya pekee iko karibu na mlango, ukiweka hita hapo inapasha mlango.

Nisiseme uongo, usiku wa kwanza nilifurahi mpaka nikapigia mama simu. Nilipoiwasha saa moja usiku nyumba ilikuwa 14, baada ya dakika arobaini kipimajoto kikasoma 17. Nikavua sweta moja (moja, si zote, kijana wa duka asijisifu). Kuna harufu ya vumbi kuungua dakika za kwanza, hiyo inaisha. Kelele ni kama posho mili ikiwa mtaa wa pili, unazoea, lakini redio lazima uongeze sauti. Macho yanakauka. Hayo yote ningevumilia.

Shida ni ukizima. Nilizima saa nne nikijua nimeshajiwekea joto la kulalia. Saa nne na dakika hamsini nikaangalia, 14. Saa sita niliamka kwenda choo, 12. Ni kama kuchota maji na chujio. Na ukikaa ukaangalia hii nyumba kwa makini unaona mashimo yalipo. Hakuna silingi, ukiangalia juu ni mabati moja kwa moja na misumari yake. Hewa moto inapanda, na huko juu inakutana na mabati, na mabati usiku yanatupa joto kwa anga kama hayana akili nzuri. Juu ya dirisha kuna yale matundu ya hewa ya kudumu, hayafungwi. Chini ya mlango naingiza vidole vitatu. Sakafu ni simiti tupu, na simiti inanyonya joto miguuni hata ukivaa soksi. Hita ya wati 2,000 kwa nyumba kama hiyo inapasha joto Molo yote na mimi nikiwa mmoja wao.

Binamu yangu yuko Birmingham, nikamtumia picha ya kipimajoto nikitarajia anicheke. Hakucheka. Akasema Januari akizima hita kwa sababu ya bili, nyumba yake pia inaweza kufika hapo kwa 11 ama 12 asubuhi, tena ukuta unaota ukungu mweusi. Lakini tofauti ni kwamba nje kwao inakuwa 2, wakati mwingine 0. Nyumba bila moto wowote bado inamshikia digrii kumi, yangu inashika tatu. Kwa hivyo kwao ni nje ndio kubaya, kwetu ni nyumba. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo kwamba nchi za baridi ndani ya nyumba iwe angalau digrii 18. Hita yangu na stima yote hiyo haijawahi kuigusa hiyo 18, na nimeijaribu mpaka tokeni za stima zikalia.

Na hapo kwa tokeni ndipo niliamka. Wati 2,000 ni uniti mbili kwa saa, hiyo si siri, imeandikwa nyuma ya hita. Masaa matatu kwa usiku ni uniti sita. Tokeni ya 500 ilikuwa inanipa uniti 17 na pointi, kwa hivyo 500 ilikuwa inakatika usiku wa tatu kabla sijamaliza kusikiliza taarifa. Piga mwezi mzima ni kama 5,000, yaani kodi ya pili. Tena mimi nilikuwa wale wa matumizi ya chini, taa mbili na simu na redio. Ukivuka wastani wa uniti 30 kwa mwezi unatolewa kwa ile bei ya chini ya stima, sasa hita imenivusha, hata taa yangu imepanda bei. Nikaishusha kwa wati 1,000, ikawa inapuliza hewa ya uvuguvugu kama mtu anakusimulia kitu karibu na sikio. Na kile kisahani cha kupima joto msikiamini, kinapima joto la hita yenyewe, si la chumba. Inajizima yenyewe ikisikia imeshapata joto na wewe bado unatetemeka.

Wiki ya pili ikanuka plastiki. Si hita, ni ekstensheni. Nilivyoishika plagi ilikuwa moto hadi nikairusha, na pale kwa shimo la soketi plastiki imeshakuwa ya kahawia na imelegea kama pipi. Hita ya wati 2,000 inavuta zaidi ya ampia 8, na waya wa ndani ya ile ekstensheni, tulipoifungua na fundi wa stima wa hapa, ulikuwa mwembamba kama wa redio. Fyuzi ilikuwa imeandikwa 13 lakini fundi alisema ile haingekatika hata nyumba ikiungua. Nilirudi nayo mpaka Nakuru, nauli kwenda na kurudi, na risiti mkononi. Yule yule kijana. "Madam, hiyo ni stima yenu ya huko juu." Waranti ni ya hita, ekstensheni haina waranti, na hita haijaharibika kwa hivyo ni nini hasa nataka. Nilitoka nikiwa nimenunua soketi ya ukutani na mita tano za waya mnene kwa duka la ng'ambo ya barabara, fundi akanifungia.

Kuna mtu atasema si ungenunua jiko la makaa. Jirani wa nyumba namba 3 ameniambia hivyo mara nne na ameniahidi makaa. Wacha niseme kitu kimoja kwa ukali. Kila msimu wa baridi anakuja mkulima kwa kaunta yangu ananiuliza dawa ya ugonjwa ulioua vifaranga wake mia usiku mmoja, na nikimuuliza alifanyaje, aliwawekea jiko akafunga bruda na karatasi ya nailoni kila upande ndio baridi isiingie. Huo si ugonjwa. Ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inashika damu pale oksijeni ingekaa, unasikia kichwa kizito na usingizi mtamu halafu basi. Makaa yakishaacha moshi watu wanafikiri yako salama, na hata hapo bado yanaua. Jiko langu linabaki nje kwa veranda, hata kukiwa na digrii 2.

Aliyenisaidia ni shosho wa plot ya nyuma. Nilimpelekea dawa ya kuku wake, nikaingia, na ndani kulikuwa na joto la maana bila moto wowote, jikoni yake iko mbali huko nje. Nikatoa kipimajoto mfukoni (natembea nacho sasa, nimekuwa mwendawazimu), 15. Nyumba ya mbao, ile ya kizamani, ndani kote amebandika katoni na magazeti tabaka juu ya tabaka, na chini ya mabati amefunga magunia. Sakafu ni mbao pia. Nikamwambia, shosho, nyumba yako inashinda yangu ya mawe. Akaniangalia miguu. "Mwanangu, wewe unapasha nyumba moto ya nini, nyumba inasikia baridi?"

Nilirudi nikifikiria hilo swali njia yote, halafu nikakumbuka kazi yangu. Hakuna mkulima anapasha banda lote moto kwa sababu ya vifaranga. Unazungushia kadibodi, unafanya kaeneo kadogo, unaweka joto hapo katikati, na unaangalia. Wakirundikana wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni joto limezidi.

Basi nimejitengenezea bruda. Nilienda kwa mtumba hapa soko la Molo, nikachukua mapazia matatu yale mazito ya velveti, moja 250, nikafunga kamba kwa mbao za paa kuzunguka kitanda, na juu nikatandika leso mbili kama paa. Chini ya godoro nimepanga katoni za dawa ya mifugo, zile ngumu, kwa sababu baridi nyingi ilikuwa inanipandia kutoka chini na nilikuwa nikiongeza blanketi juu tu kama mjinga. Mlango nimeuwekea gunia lililojaa nguo kuukuu. Ndani ya hiyo bruda nalala na chupa ya mpira ya maji moto, ya 650, nimenunua kwa duka la dawa. Maji yasiwe yanachemka kabisa, ujaze kama theluthi mbili, ukamue hewa itoke kabla ya kufunga, halafu uivalishe soksi ya mtumba. Naiweka miguuni nusu saa kabla ya kulala. Kuchemsha hayo maji ni lita moja na nusu tu kwa gesi.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja, chumba kilisoma 11 kama kawaida yake. Nikaingiza mkono ndani ya pazia nikachukua kile kipimajoto cha pili nilichokuwa nimening'iniza upande wa kichwa. 15. Na blanketi ndani yake sikupima, lakini nilikuwa nimejinyoosha. Toka mwezi wa sita nilikuwa nalala nimejikunja kama kamba.

Hita siiingizi humo hata kwa dawa, pazia na koili nyekundu si marafiki. Inawaka dakika ishirini asubuhi nikioga na kuvaa, pale peke yake ndipo inalipa, na kwa hilo naipa nyota mbili na nusu. Kama una silingi, na kama madirisha yako yanafunga kweli, labda kwako ni tatu na nusu, sibishi. Chupa ya mpira nne na nusu, nusu nimetoa kwa sababu inanuka mpira wiki ya kwanza na ukisahau kukaza kifuniko utajua hujui. Mapazia ya mtumba tano. Yule kijana wa duka nimemwachia Mungu.

Silingi nimemwuliza keyateka. Amesema naruhusiwa kuweka, kwa pesa yangu, na nikihama naiacha.

Mwezi wa tisa ukifika hita nauza. 1,500, haijakwaruzwa, ina boksi yake na risiti. Ekstensheni haiendi nayo.